Marahaba ya Bi Siwema

Haya nilisimuliwa na Nyamizi, jirani yangu wa ua mmoja, mwaka ule mvua ilipokatika mapema, tukiwa tumekaa tunapukuchua mahindi yaliyokuwa magunzi kuliko punje. Nyamizi hakuwa mtu wa kutia chumvi. Akikwambia mbuzi kazaa pacha, nenda, utawakuta wawili. Aliniapia kwamba nchi yenyewe si hii yetu, wala si ya jirani. Iko mbali, na anayekwenda huko hurudi kimya. Kwa hiyo, wewe unayesoma, usigeuke kuangalia nani yuko nyuma yako. Hayakuhusu.

Katikati ya mji mkuu wa nchi hiyo pana msitu. Msitu kweli, wenye mivule na mikuyu na kijito, umezungukwa na ukuta kama ua wa tajiri. Zamani watu waliokota kuni humo, na wachumba walijificha humo. Halafu serikali ikaupenda. Kila mti ukavikwa kibao chenye jina lake, na kwenye lango la chini pakaandikwa kwa rangi nyekundu: ATAKAYEVUNJA TAWI ATAVUNJWA. Sheria hiyo ilishikwa barabara, hata bakora za askari zikawa zinaletwa kwa meli kutoka ng'ambo, maana nani angethubutu kukata fimbo kwenye mti wa taifa?

Siku moja mtawala wao, Baba Mwenye Nchi, alichungulia dirishani akaona raia wamenenepa. Wako waliosema si unene, ni kuvimba kwa njaa, lakini mwenye dirisha ni Baba. Akaamuru Matembezi ya Afya: kila Jumamosi raia waongozwe kupita msituni, kutoka lango la chini mpaka lango la juu, kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, na njiani watibiwe. Tiba zilikuwa tatu. Kituo cha Damu, ambapo mgongo huchapwa ili damu izunguke. Kituo cha Mapafu, kule kijitoni, ambapo kichwa huzamishwa ili kifua kizoee. Na Kituo cha Magoti. Hicho hakihitaji maelezo.

Wageni kutoka ng'ambo, wale waliokuwa wakija kutazama ndege kwa darubini, waliona tiba hiyo wakasikitika. Walisema haifai mtu kupigwa bila adabu. Serikali ni sikivu, ikatunga Sheria ya Adabu: hakuna raia atakayepigwa kabla ya kusalimiwa kwa heshima ya umri wake, na salamu hiyo kwisha. Askari atakayevunja sheria hii atatibiwa yeye. Wageni wakaridhika, wakarudi kwenye ndege wao.

Utauliza, nani basi alikwenda kutembea? Walikwenda wenye watu wao ndani. Pale lango la juu palikuwa na jumba la ndege, la wavu mrefu, na humo ndimo serikali ilimowaweka waliokosa. Aliyepita njia yote akafika amesimama kwa miguu yake kabla mzinga wa adhuhuri haujalia, alikabidhiwa mtu wake. Aliyeanguka njiani alipelekwa kuwa ndege.

Bi Siwema alimfuata mumewe.

Mumewe, Mzee Lugendo, kosa lake lilikuwa kicheko. Alikuwa kwa kinyozi, ananyolewa, redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Kijana, Mkuu wa Vijana wa Taifa, leo ametimiza miaka thelathini na mitano. Mzee Lugendo alikuwa amelisikia tangazo hilohilo wakati meno yake yote yangali kinywani. Hakusema neno. Alicheka tu. Walimchukua kabla kinyozi hajahamia upande wa pili, akaondoka nusu kipara, nusu kichaka.

*

Asubuhi ile kwenye lango la chini walisimama watu wengi, na mbele yao Sajini Kibwana, mwongozaji, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

"Ndugu watembeaji," alisema, "afya ni mali ya serikali, ninyi mmepewa mwitunze. Msiokote jani. Msiguse gome. Ukisikia uchungu, usishike mti. Miti yetu haijazoea makelele, kwa hiyo lieni kwa ndani. Karibuni mfurahie maumbile."

Pembeni ya Bi Siwema alisimama Faraji mchinjaji, bonge la mtu, mabega kama mlango. Alikuwa amemfuata mdogo wake, Kondo, aliyefungwa kwa kumwuliza diwani swali.

"Mama, kwa mguu huo utafika?" Faraji alimwuliza.

"Nitafika, baba. Kinyonga naye hufika."

"Kinyonga hasubiriwi na mzinga."

"Basi wewe nitangulie, ukamwambie mzee wangu niko njiani."

Faraji akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho, lakini pale langoni nani angejua?

*

Kituo cha Damu kilikuwa chini ya mvule mkubwa wenye kibao kinachosema MVULE, TAFADHALI USIUSUMBUE. Askari walijipanga pande mbili, na watu wakapita katikati. Salamu zilitolewa kama kawaida ya sheria. Habari yako kaka, nzuri, paa. Hujambo dada, sijambo, paa. Bakora za ng'ambo ni ndefu tena laini, zinazunguka mgongo mpaka kifuani. Mwanamke mmoja alipasuka titi. Fundi cherehani mmoja alikinga kwa mkono na mkono ukaning'inia, akautazama kama nguo ya mteja iliyokatwa vibaya. Ngozi za watu zilirushwa mpaka kwenye shina la mvule, na askari mmoja alikuwa na kazi ya kulifuta kwa kitambaa.

Zamu ya Bi Siwema ikafika. Mbele yake alisimama askari mwembamba, umri wa mjukuu wake wa kwanza.

"Shikamoo mama," alisema, bakora iko juu.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

"Nyumbani wote wazima?"

"Wazima."

"Na mama?"

Bakora ikasita hewani. "Mama ana mguu."

"Mguu umefanya nini?"

"Unavimba. Unatoa maji."

"Pole, mwanangu. Anaweka nini?"

"Mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa ni ya taa, baba. Mwambie auoshe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kisha aunyanyue juu ya mto. Na nani anampikia?"

"Dada."

"Dada ameolewa?"

Bi Siwema hakuwa anafanya hila yoyote. Ndivyo alivyolelewa. Kwao mtu akikuamkia, humwachi mpaka umemaliza ukoo wake, na kuku ukiwakumbuka. Alikuwa amefika kwa shangazi wa yule askari, aliyegombana na mumewe kwa ajili ya baiskeli, filimbi ikapigwa ya kuhama kituo. Askari akashusha bakora, mkono umemfia ganzi. Bi Siwema akapita mzima. Na wale sita saba waliokuwa nyuma yake wakapita wazima pia, maana yule askari alikuwa bado yuko kwa shangazi.

*

Njiani kwenda kijitoni Bi Siwema alitembea akiyapima yale. Kisha akawaambia walio nyuma yake, kwa sauti ya chini, "Kaeni mgongoni kwangu. Mkinisikia naulizia mama zao, piteni pembeni, msikimbie."

"Mama," Faraji akasema, shati limemgandia mgongoni kwa damu, "ukianza kuulizia ukoo wa jeshi zima, jua litatupita. Kondo yuko juu. Mimi natangulia."

"Faraji, baba. Haraka ya nini nawe umeona?"

"Nimechapwa, sikufa. Kuzamishwa nako ni kuoga tu."

Akatangulia. Bi Siwema alimwona toka juu ya mteremko. Askari wanne walimpokea kwenye maji. Habari yako, nzuri. Salamu ikaisha, wakamkamata shingo. Faraji alipiga mateke, na yalikuwa mateke ya mtu mwenye nguvu. Askari mmoja alivunjika taya, mwingine akaangukia mawe. Wakaongezeka sita, wakamkalia. Maji yakawa meusi kwa tope, kisha mekundu, kisha yakatulia. Amewashika mbuzi wangapi namna ile yule mchinjaji, magoti juu ya mbavu, akisubiri miguu iache kutikisika? Naye miguu yake ikaacha.

Sajini Kibwana alikuja akamgeuza, akamsikiliza kifua.

"Mapafu yamejaa," alisema. "Mapafu yaliyojaa ni mapafu mazuri." Akatoa muhuri mfukoni akampiga nao kwenye paji la uso: AMEFAULU.

Bi Siwema alishuka mteremko taratibu. Askari wote walioloa walimsogelea pamoja, na yeye akawapokea shikamoo zao mojamoja, akaitikia mojamoja, na kila mmoja akamwulizia mamaye. Uzazi wa huyu, kikohozi cha yule. Mmoja mama yake alikuwa amekufa, wakasimama wakampa pole. Alipokuwa akiyauliza hayo macho yake yalikuwa kwa Faraji, aliyelala ukingoni na muhuri wake. Nyuma yake watu walivuka kijito kwa vidole vya miguu, mmoja baada ya mmoja, mpaka wa mwisho.

Wakati anamalizia salamu, kivuli chake kilikuwa kimemrudia miguuni, kifupi kama paka. Wote aliowapitisha walikuwa wamemtangulia. Akaelewa hesabu yake ilivyo: akifupisha salamu atavunjwa, akirefusha mzinga utalia na Lugendo atabaki kwenye wavu. Akakaza kanga kiunoni akapanda kilima.

*

Kituo cha Magoti alikisimamia Sajini mwenyewe. Alikuwa amekwisha kumgundua.

"Leo mama yangu hutamwulizia," alisema. Akavuta pumzi, akatapika salamu yote kwa mara moja: "Shikamoo mama, marahaba, hujambo, sijambo, nyumbani wazima, namshukuru Mungu, haya kwaheri." Na kabla hajameza mate, bakora ikashuka gotini. Ikashuka tena. Ile ya pili ililia kama kuni kavu.

Bi Siwema alipiga yowe, akakumbatia mvule, kibao kikamkata shavu. Hakuanguka. Alijua akianguka basi. Watu waliokuwa wanapata tiba zao pale wakageuka, na askari nao wakasimamisha bakora.

"Sajini," Bi Siwema alisema, akihema. "Marahaba ile nani kaitikia?"

"Umeitikia wewe."

"Mimi sikufungua kinywa. Umejiamkia mwenyewe ukajiitikia mwenyewe. Salamu yangu haijaisha, nawe umekwisha kunipiga. Waulize hawa."

Askari walitazamana. Nyamizi alisema huo ndio ulikuwa utazamanaji mtamu kuliko yote ya nchi ile. Miaka mingapi Sajini alikuwa akiwachapa hao vijana asubuhi kabla ya kazi, ili wapate moto? Yule mwembamba, mwenye mama wa mguu, ndiye aliyesogea kwanza. Akabana visigino.

"Shikamoo Sajini."

Na Sajini Kibwana, kwa mazoea ya cheo, akaitikia haraka: "Marahaba."

Hakuna aliyemwulizia mamaye. Walimpiga kwa namna mtu anavyobangua korosho, huku na huku, mpaka meno yakatawanyika kwenye majani makavu. Walimvunja goti la kushoto, wakakubaliana, wakamvunja na la kulia. Alishika mti, wakampiga kwa kushika mti. Alilia kwa nje, wakampiga kwa kulia kwa nje. Kila alichofanya kilikuwa na sheria yake, na nyingi alizitunga yeye.

Bi Siwema hakukaa kutazama. Kwa kuwa tawi la kuegemea haliruhusiwi kukatwa, aliokota bakora ya ng'ambo ya Sajini akaikongojea, akaendelea kupanda, goti linawaka.

*

Kwenye lango la juu palitandikwa zulia. Wageni walikaa kivulini na darubini zao. Mbele yao alisimama Mheshimiwa Kijana, nywele nyeusi kama masizi ya chungu, shingo yenye mikunjo ya kobe. Nyuma yake waliketi manaibu wake, vijana wenzake, mmoja ana kikohozi cha kifua, mwingine mikono inatikisika, wote wakisubiri kwa subira Kijana akue ili wakirithi kiti.

"Nchi yetu ni changa," alikuwa akiwaambia wageni, "na uongozi wake ni damu mbichi. Sisi vijana tumelelewa kwa adabu. Hata tukimpiga mtu, tunamwamkia."

Ndipo Bi Siwema akajitokeza, uso una damu, goti limevimba kama boga, amesimama. Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja lifike utosini. Mshika mzinga alikuwa ameshawasha utambi wake.

Mheshimiwa Kijana akamtazama. Mtu aliyefika alipaswa kupewa salamu za taifa. Lakini alinyamaza, akangoja aamkiwe, kama alivyozoea. Na kwa haki alistahili, maana Bi Siwema alimkumbuka: siku yeye anaolewa na Lugendo, huyu alikuwa mtu mzima, ana mvi za ndevu, na ndiye aliyempigia kelele mpishi kwamba pilau haina nyama.

"Nasubiri, mwanangu," Bi Siwema alisema kwa sauti ya kuwafikia wageni. "Au nimekosea? Kama wewe ni mkubwa kwangu niambie, nikuamkie mimi."

Naibu wa kikohozi akazuia kikohozi. Mikono ya yule mwingine ikatulia. Manaibu wote wakainama mbele kwenye viti vyao, masikio wazi, wanangoja kusikia Kijana akikiri umri.

Mheshimiwa Kijana alitazama nyuma, akatazama wageni, akatazama jua. Jasho jeusi lilimshuka kutoka kichwani.

"Shikamoo," alisema. "Mama."

Bi Siwema hakuitikia.

"Mama, nimekuamkia."

"Nimesikia. Nawe ni mtoto mwenye adabu. Ngoja kwanza nikutume, ukirudi nitakuitikia. Nenda pale kwenye wavu unitolee mzee wangu, Lugendo. Amenyolewa nusu, hutamkosa."

Kijana gani wa nchi ile aliwahi kutumwa na mama akakataa, tena mbele za wageni? Mheshimiwa Kijana akaenda. Alirudi anamshika Mzee Lugendo kwapani. Jicho moja la mzee lilikuwa limefungana, midomo imepasuka, manyoya ya ndege yamemgandia kwenye ule upande wa nywele. Alipomwona mkewe akajaribu kucheka, na hakuwa na meno ya kuchekea.

"Na Kondo, mdogo wake Faraji," Bi Siwema akasema. "Ndugu yake alitembea kwa ajili yake, akafika mpaka penye maji."

Kijana akaenda, akamleta Kondo.

"Sasa, mama, niitikie."

"Bado, mwanangu. Faraji yuko kijitoni. Kondo hana nguvu ya kumbeba, Lugendo hawezi, na mimi unaniona goti. Mbebe wewe, ndiye kijana."

Mzinga ulilia. Lango likaanza kufungwa, likazuiwa, maana Mheshimiwa mwenyewe alikuwa upande wa ndani, anashuka kilima. Walingoja. Baada ya muda mrefu alionekana akipanda, amekunjika kama ndoana, na mgongoni Faraji mchinjaji, mikono inaning'inia mbele, maji yakimtoka puani yakimwagikia Mheshimiwa shingoni. Alianguka mara mbili. Mara zote mbili maiti ilimlalia juu, na muhuri wa AMEFAULU ukamgusa shavuni, ukaacha alama kinyumenyume.

Wageni wakapiga picha. Waliandika kwao kwamba nchi ile vijana hubebana.

Bi Siwema akampokea Faraji, akamfumba macho, akamfuta lile neno kwa ncha ya kanga mpaka likatoka. Kisha wote wakateremka kwenda mjini, maiti kwenye mkokoteni wa muuza maji, na hakuna aliyeinua bakora, kwa sababu salamu ilikuwa haijaisha.

*

Walimzika Faraji alasiri. Nyumbani, Bi Siwema alimketisha mumewe kwenye kigoda, akachukua wembe akamnyoa ule upande uliobaki, akimtoa manyoya taratibu, huku Mheshimiwa Kijana amesimama kizingitini, na nyuma yake lori la askari.

"Mama, neno moja tu," alisema Mheshimiwa. "Marahaba. Uniitikie, nami niendelee na kazi."

"Kazi gani, mwanangu?"

Askari kwenye lori walihamisha bakora toka mkono huu kwenda mkono ule.

Sheria angeweza kuibadili Baba Mwenye Nchi peke yake, na redio ilikuwa imetangaza kwamba Baba yuko ng'ambo, anatibiwa mzunguko wa damu. Siku ya kurudi haikutajwa.

Mzee Lugendo alikunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akasema kwa shida, "Siwema. Wewe huongea usingizini."

"Najua."

"Ukiitikia je?"

Bi Siwema akafikiri. Akachukua kanga, akaikunja, akajifunga kinywa, fundo kisogoni, akalivuta kuhakikisha. Alimlaza mumewe kwanza, akaweka kiganja juu ya mbavu zake zilizovunjika mpaka akaziona zinapanda na kushuka sawasawa. Mzee akalala. Yeye naye akajilaza kando yake, goti juu ya mto, akasikiliza mlangoni.

"Shikamoo mama," sauti ilisema. Kimya. "Shikamoo mama." Manyunyu ya magharibi yakaanza. Bi Siwema akalala.

Askari kwenye lori walilala wameegemeana, bakora katikati ya miguu yao. Kizingitini akabaki Mheshimiwa Kijana, kijana wa nchi changa. Alikaa chini, maana kiuno kilikuwa kinamwuma tangu kule kijitoni. Manyunyu yakamsafisha kichwa, rangi ikateremka mashavuni na kola ikawa nyeusi, mvi zikajitokeza zote kwa wingi wake. Aliamkia mara nyingine mbili, kwa sauti ya mzee aliyechoka. Kisha kidevu kikamwangukia kifuani, mkono ungali umenyooka kuelekea mlango uliofungwa, naye akalala.